Bi. Nyevu Kaingu, Aliyetaka Kila Namba Iwe na Jina

Ijumaa, tarehe 31 Julai, Bi. Nyevu Kaingu anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kuandika programu zinazoelekeza malori yetu hapa Shimanzi.

Alipoajiriwa, kitengo cha kompyuta kilikuwa yeye na feni. Amri zake aliziandika kwa mkato, namba tupu. Vijana wakilalamika kwamba hawajui namba ipi ni ya nini, aliwaambia wakasome. Wapo waliosoma hadi wakahama kampuni.

Kisha, wiki ya kuelekea Idd, akaandika peleka(7, 12). Alikusudia mzigo namba 7 uende kwa mteja namba 12. Kompyuta ikaelewa kinyume, kwa kuwa alikuwa amesahau mpangilio alioubuni mwenyewe. Mzigo namba 12 ulikuwa vyoo vya kukalia. Mteja namba 7 alikuwa Bi. Mejumaa, mwenye duka la kanga Biashara Street.

Simu ikalia. "Nyevu dadangu," Bi. Mejumaa alisema kwa upole wa kutisha, "kanga zako nimezipokea. Mbona hazina jina?"

Bi. Nyevu alikwenda mwenyewe kuomba radhi, akarudi na doti mbili na imani mpya. Tangu siku hiyo alidai kila namba iandamane na jina lake: peleka(mzigo: 7, mteja: 12). Lugha ya kompyuta isiyoruhusu hayo isivuke geti.

Ikasadifu kwamba tulikuwa tukichagua lugha ya mfumo mpya. Griffins, mkuu wa kitengo, alipendelea moja yenye kasi, lakini isiyoruhusu majina.

"Mama, mstari utakuwa mrefu kama foleni ya malori," alimwambia. "Na siku ukibadilisha jina, kila aliyelitumia ataharibikiwa."

Walibishana miezi mizima, hadi Eddah wa mapokezi akawa anawapangia meza tofauti wakati wa chai. Bi. Nyevu akashinda. Muda si mrefu akaona neno "mzigo" limekosa hadhi, akalibadilisha kuwa "shehena". Asubuhi malori yote yalikwama getini. Griffins alinunulia kitengo kizima mahamri, akala lake taratibu huku akimtazama. Bi. Nyevu alirekebisha, akala matatu, akashikilia kwamba haki bado ni yake. Na kweli, hakuna choo kilichokwenda dukani tena.

Wiki iliyopita Griffins alimletea programu yake aikague kwa mara ya mwisho. Kila namba ilikuwa na jina, hata zisizohitaji, na hakuna aliyemshurutisha. Bi. Nyevu alisoma hadi chini, akavua miwani, akafuta macho.

"Imezidi urefu, mwanangu," akasema. "Punguza."

Bi. Nyevu, tunakushukuru kwa kazi, kwa ukali na kwa vicheko. Mungu akujaalie afya na siku za raha huko Kaloleni. Tutajitahidi tusikupigie simu kabla ya Jumatatu.