Dina Nanyama, Aliyeosha Vikombe vya Meza ya Bwana

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Sellah, mke wa kwanza wa hayati Mzee Wabwile, na kwa kuwa watoto wameshindwa kusoma bila kulia, nimekubali kusimama hapa nje ya kanisa, kwenye jua, niwasomee habari za mke mwenzangu.

Marehemu Dina Nanyama alizaliwa mwaka 1938 karibu na Kimilili, wilaya ya Bungoma, akasoma hadi darasa la nne, akatolewa shule ili alee wadogo zake, na tarehe 6 Juni 1959 akaolewa na mume wangu. Nasema mume wangu kwa sababu mimi ndiye niliyevishwa pete kanisani miaka sita kabla yake, ila sikujaliwa mtoto. Yeye alijaliwa watano, na wote wako hapa. Tangu siku ya kwanza aliniita dada, nami nilimwita wewe.

Mwaka 1966 tulihamia hapa kijijini Kwanza, na historia ya ushirika huu haiwezi kusomwa bila jina lake, ingawa kwenye jiwe la msingi halimo. Machi 1981 watu tisa walianza kusali ndani ya ghala lake la mahindi, mwaka 1984 akamsihi Mzee atoe robo ekari ya shamba alilolima yeye, ndipo hapa mlipojenga, matofali ya ukuta huu aliyafyatua na kuyachoma pamoja na akina mama, na mwaka 1992, wakati wa vita vya kikabila, alimficha Mzee Waithaka na familia yake jikoni kwake siku kumi na moja. Leo Mzee Waithaka ni mwenyekiti wa wazee wa kanisa, na ndiye aliyetuletea habari jana kwamba jeneza halitaingia. Shukrani ya punda ni mateke.

Sababu mnaijua. Mke wa pili hubatizwa, hutoa sadaka, hufagia, lakini haketi kwenye Meza ya Bwana, na asiyeshiriki Meza haombewi ndani anapokufa. Kwa miaka kumi na sita marehemu aliosha vile vikombe vidogo arobaini, akavifuta kwa kitambaa cheupe, akavipanga, kisha akatoka nje hadi sisi tumalize kunywa.

Lakini nisiwatupie wazee lawama yote. Mzee Wabwile alifariki Agosti 1986, na Mei 1987 wazee wakakata shauri kwamba mjane huyu atapokelewa mezani, mradi mimi mwenye pete nisimame mbele ya ushirika niseme sina kinyongo. Nilijibu kwamba nitafikiria. Nimefikiria karibu miaka kumi. Ulikuwa wivu, wapendwa, wala si dini.

Mwaka 1995 alipatikana na ugonjwa wa sukari, Novemba mwaka jana akakatwa mguu wa kushoto, na hata hapo vikombe aliviosha akiwa ameketi. Tarehe 3 Februari alilazwa hospitalini Kitale, na Jumapili tarehe 9 akanishika mkono akasema, "Dada, si umalize kufikiria, ati mimi nimechoka kungoja." Alikuwa akicheka. Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Mchungaji Kiptanui, nikaambiwa yuko mkutanoni Bungoma hadi Ijumaa. Marehemu alituacha Alhamisi, tarehe 13 Februari 1997, saa nne asubuhi. Nikawaendea wazee nikawaambia sina kinyongo, wakanijibu kwamba maiti hapokelewi ushirika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kitale, majirani waliochota maji na kupasua kuni, walimu wanaofundisha pamoja na binti yake Jane, na wale vijana waliochimba kaburi katika ardhi kavu namna hii. Tunawashukuru pia wazee wa kanisa, waliotukubalia kutoa viti nje.

Kesho ni Jumapili ya Meza, na vikombe bado viko jikoni kwake, ndani ya beseni, kama alivyoviacha. Nitaviosha mimi, nivifute, nivipange, kisha nitoke nje nikae pale alipokuwa akikaa, na msinisubiri.

Pumzika kwa amani, dada.