Zamu ya Maji

Ndugu zangu, mkiniona natembeatembea hapa mbele ya kikundi chetu msishangae. Ndivyo nilivyo tangu mwanangu alipokufa, na leo nitawaeleza.

Mimi ni mkulima wa huku magharibi mwa Mlima Meru. Nilikuwa na binti na kijana. Kijana alichunga mbuzi wa marehemu baba yake mpaka akamaliza shule, akaingia jeshini, akawa askari wa miguu. Hakuwa na cheo, ndugu zangu. Askari wa kawaida kabisa, wa kubeba bunduki na kutembea. Akija likizo anavua buti, anakwenda moja kwa moja kumkatia ng'ombe majani, hata chai hajanywa.

Wakampeleka Kongo, kwenye vita, kulinda amani. Kila Jumapili ananipigia simu, ananiita Yeyo, yaani mama kwa kilugha chetu. Mara ya mwisho aliniambia, “Yeyo, huku kuna migomba kama ya kwetu, ila ndizi zinaozea shambani. Wenyewe wamekimbia.”

“Basi na wewe rudi,” nikamwambia. Akacheka.

Wiki ileile, mchana, napepeta maharage, nikaona maofisa wawili wanashuka kwenye gari na mchungaji wetu. Sikusubiri waseme. Nilikimbilia shambani.

Jeneza lilikuja limefungwa. Wakasema, “Mama, tusifungue.” Tukazika hivyohivyo, na hapo ndipo nilipoanguka. Nilijiambia: sijamwona, basi hajafa. Nikaacha shamba, nikahamia kwa binti yangu Daraja Mbili, Arusha mjini. Kila asubuhi natoka kwa miguu, napita Kaloleni, mpaka stendi, namkagua kila mwanaume mwenye sare. Siku moja nilimvuta askari mkono, nikamgeuza. Uso haukuwa wa mwanangu, nikamzaba kofi. Mtoto wa watu, hakunikosea lolote!

Na hili nalisema binti yangu akiwa amekaa pale nyuma. Alijifungua mtoto wake wa kwanza mimi niko stendi. Majirani ndio waliompeleka hospitali. Niliporudi nilimwangalia mjukuu, sikumpakata. Nikatoka tena.

Wapo wawili wa kikundi hiki, wanajijua, ambao hawakuniambia nitulie. Walivaa kandambili zao wakatembea na mimi, kimya, asubuhi baada ya asubuhi.

Halafu akaja kijana kutoka Singida, aliyekuwa kikosi kimoja na mwanangu. Alisimama mlangoni, “Shikamoo mama,” akashindwa kuingia.

“Mama, mimi ndiye niliyembeba. Uso wake niliuona. Ni yeye.”

“Walituambia alikufa akipigana,” nikasema.

“Hapana, mama. Alikwenda mtoni kuchota maji, akapigwa risasi ameshika madumu. Zamu ilikuwa yangu. Mguu wangu ulikuwa umevimba, akaniambia, ‘Kaa, nakwenda mimi.’”

Sitawaficha, ndugu zangu. Nilimwambia, “Ungekufa wewe!” Nikampita mlangoni, nikatembea mpaka Themi nikilia kwa sauti, watu wananipisha. Na huko njiani, kwa mara ya kwanza, maneno yakanitoka kinywani: “Mwanangu amekufa.” Nikayarudia. Nikakaa chini kando ya barabara. Ndipo nikasikia nilichomwambia yule kijana. Ana mama yake Singida, anamshukuru Mungu kila siku kwamba mwanawe alirudi, na mimi nimemwambia angekufa.

Nilirudi mbio. Nikamkuta kibarazani, binti yangu amempa mtoto amshike. Macho ya yule kijana yalikuwa mekundu.

“Mwanangu,” nikamwambia, “neno lile nalifuta. Alikwenda kwa hiari yake. Ndivyo alivyokuwa, hata nyumbani. Usiibebe tena zamu ile.”

 Akaninyooshea mtoto, nikampokea. Alikuwa na miezi minne, na ndiyo kwanza nampakata.

Sijapona nikamaliza. Bado ziko asubuhi naamka natafuta viatu. Lakini sasa najua ninakokwenda ni kaburini kung'oa magugu, na nikimaliza narudi. Wenzangu wawili wa kandambili, Mungu awalinde miguu. Binti yangu, nisamehe mbele ya hawa wote. Na yule kijana, ambaye kila Jumapili ananipigia na kuniita Yeyo kwa lafudhi ya kwao, namshukuru kwa kusafiri kutwa nzima kuja kuniambia jambo ambalo angeweza kunyamaza nalo.

Ndugu zangu, nawaambia: kama unajua jinsi mpendwa wa mtu alivyokufa, nenda kamwambie, hata kama inakuumiza. Na wewe unayeambiwa, ukishalia, mkaribishe ndani.