Chokoleti ya Sura Tano

Kwenye taksi yetu ya kwenda Malvern, Johannesburg, iliyojaa abiria kama daladala, Bi Yasmin wa Zanzibar alikuwa akimsimulia abiria mwenzake, Mkongo mmoja, habari za chokoleti ya Kiingereza iliyokoma kutengenezwa zamani. Ilichorwa sura tano za mtoto: katika ya kwanza analia, katika ya mwisho anacheka. “Sisi utotoni tulikuwa tukianza kumla anayelia, mwanangu, ili kicheko kije mwisho.”

“Non, mama. Hapa Joburg unakula kicheko kwanza, kabla hawajakunyang’anya.” Duka lake lilivunjwa wiki iliyopita na genge linalofukuza wageni, alishatuambia sote, bila kuulizwa.

“Na hilo kopo la rangi ulilopakata?”

“La duka. Kesho nafungua tena.”

“Basi hata wewe umeanza na anayelia.”

Mkongo alifungua mdomo kubisha, lakini taksi ilishasimama. Alishuka na kopo lake, bado anabisha, huku anacheka.