Sista Veneranda na Wasichana wa Katonga

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Sista Veneranda Elikana anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Kituo chetu cha utafiti wa afya ya wanawake, hapa Mwanga kando ya Ziwa Tanganyika, kitamkosa kwelikweli.

Alianza akiwa muuguzi kijana, akitumwa shule za msingi za Katonga na Rusimbi kuwauliza wasichana wanakula nini nyumbani. Aliwaambia wafumbe macho wakumbuke chakula cha jana. Darasa zima likafumba macho, na harufu ya dagaa na mawese ikawa kama inaingia dirishani. Siku moja msichana mmoja alipitiwa na usingizi kabisa. Sista akamwacha alale, akaendelea na wenzake kwa kunong'ona.

Wasichana wale wakakua, wakarudi kwetu wakiwa kina mama, kupigwa picha za matiti. Tulitaka kujua kama chakula cha utotoni huenda kinachangia tishu za titi kusongamana ukubwani. Tishu zikisongamana, picha hutoka nyeupe kama ukungu wa ziwani asubuhi, na uvimbe, ambao nao huonekana mweupe, hujificha humo. Sista alikuwa akisema kwamba akiwapokea mlangoni, alimwona kila mmoja akiwa na nyuso mbili: ya mama huyu, na ya mtoto yule aliyefumba macho.

Lulu, mmoja wa wasichana wale na sasa muuza dagaa wa Katonga, alisikia maelezo hayo ya chakula akainuka aondoke.

"Sista, kwa hiyo mnasema marehemu mama alinilisha vibaya?"

"Hakuna anayesema hivyo, mwanangu. Alikulisha alichokuwa nacho, ukakua. Sisi tunauliza ili wanao wajue zaidi."

Lulu akalia, kisha akaketi. Picha yake ilitoka nyeupe tupu. Daktari akaongeza kipimo cha altrasaundi, na kiuvimbe kidogo kikaonekana. Alifanyiwa upasuaji mapema, Sista akiwa kando ya kitanda chake. Leo ni mzima, na sauti yake ya kuita wateja haijapungua.

Swali la utafiti bado halijapata jibu kamili. Watafiti vijana wataendelea nalo. Lakini kina mama wengi sasa wanakuja kupimwa bila woga, na kwa hilo tunamshukuru yeye.

Anahamia kwa dada yake Ujiji. Anasema ataanza kwa kujifunza kuogelea, maana miaka yote kando ya ziwa hajawahi kuingia majini yakamfika magotini.

Asante, Sista. Tunakuombea maji ya uvuguvugu, mawimbi madogo na siku ndefu.