Maneno Aliyoyaacha Wifi Yangu Kwenye Fomu

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada wa mume wa marehemu, familia imenituma nisome habari za maisha yake, na nikikwama mnivumilie, maana wifi yangu na mimi tumetaniana miaka kumi na sita na sasa sina wa kutaniana naye.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mama Fomu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1981, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, mtoto pekee wa mama mshona nguo, akasoma shule ya msingi ya mtaani hapo, sekondari ya bweni, kisha chuo cha kompyuta, na tarehe 3 Januari 2006 akaajiriwa na hospitali kutengeneza fomu ambazo wagonjwa hujaza wenyewe kwenye kompyuta ya mapokezi.

Fomu yake ya kwanza ilidai tarehe kamili ya kuzaliwa, na mama yake mzazi, aliyejua mwaka tu, alipokwenda kutibiwa macho, kisanduku kiligeuka chekundu kikaandika "Taarifa batili", bi mkubwa akadhani ameshtakiwa, akarudi nyumbani bila kutibiwa. Marehemu aliumia sana. Tangu hapo alikiandikia kila kisanduku maneno yake mwenyewe, yatokee palepale mtu anapokosea, kabla fomu haijatumwa: kama siku huikumbuki, mwaka unatosha, namba ya simu imepungua tarakimu moja, taratibu tu, hatuna haraka.

Alifunga ndoa na kaka yangu tarehe 6 Disemba 2008, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume, na hata nyumbani hakungoja mtu aharibu ndipo amseme.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2023, akalazwa hospitali hiyohiyo, akafariki tarehe 2 Juni 2024, saa nne asubuhi, mume wake akiwa amemshika mkono. Kaka alipokwenda mapokezi kujaza fomu ya kuuchukua mwili kwenye kompyuta ileile, aliruka tarakimu moja ya simu, na mke wake akamwambia, palepale kwenye kisanduku, taratibu tu, hatuna haraka. Akasahihisha, akaifuta tena tarakimu ileile, akasoma, akafuta tena, na watu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakamwacha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi, na wenzake wa kazini, ambao mnaweka mfumo mpya wa fomu mwezi ujao na mmeahidi kuyahamisha maneno yake yote. Msipunguze hata moja, tafadhali, kwa sababu kaka ameshaniuliza mara mbili kama kompyuta ile inaruhusiwa kwa mtu asiyeumwa.

Wifi yangu, pumzika kwa amani, taratibu tu.