Kipara cha Nyongesa

Kwenye tuktuk ya kwenda Bondeni, Wariara alikuwa amepakata kikapu cha nyanya huku masikio yakiwa kazini. Msichana wa kushoto na mzee wa kulia, wasiojuana hata kwa salamu, walibishania podikasti juu ya Nyongesa, aliyefungwa maisha kwa mauaji ya Gilgil.

"Kama hakuua, mbona kesho yake alinyoa kipara?" mzee alifoka.

"Mzee, walikuwa wametoka kumzika babake! Kwao mkizika, mnanyolewa. Korti ikasema anabadilisha sura!"

"Si angejitetea?"

"Alijitetea! Jaji akasema hizo ni stori."

Wariara alitamani kupiga makofi, ila nyanya zingemwagika. Mzee alivua kofia. "Kwani huyo jaji hajawahi kufiwa?"

Tuktuk ikasimama Bondeni. Hakuna aliyeshuka. Dereva, mtu wa kuharakisha watu, alizima injini akageuka kungoja jibu.