Orrin Tveit na Kiki Iliyomvunja Mdogo Wake

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti, mimineni kahawa. Leo tunamkumbuka Orrin Tveit, fundi wa pikipiki wa hapa hapa Halvern, Dakota Kusini. Ametutoka Jumanne iliyopita akiwa na miaka sabini na mmoja. Orrin Tveit, yule wa gereji ya bati nyuma ya ghala la mahindi. Wengi mlimjua kwa ukaidi wake. Pikipiki yako ikiingia kwake, haitoki mpaka aridhike yeye. Ukimharakisha anakujibu, "Nenda kanywe kahawa, bwana. Mguu wako utanishukuru."

Habari ya mguu ndiyo habari ya maisha yake. Familia imeniruhusu niieleze, nami sitaipaka sukari.

Mwaka 1991 mdogo wake, Verlyn, alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alitaka kwenda kwenye mkutano wa waendesha pikipiki wa Agosti, kule Milima Myeusi, na injini ya kuwafunga wenzake midomo. Orrin akamjengea. Akaweka pistoni za kubana hewa kwa nguvu kubwa. Ikabaki kuchagua kamshafti.

Kwa msiojua, kamshafti ni kile chuma chenye vinundu ndani ya injini. Ndicho kinachoamua valvu zifunguke lini na zifunge lini. Valvu ya kuingiza hewa ikifunga mapema, pistoni inaibana hewa yote. Injini inapata nguvu, lakini kiki, ule mkono wa chuma unaoukanyaga kuwasha, inakuwa nzito, na inaweza kukurudishia mguu. Valvu ikichelewa kufunga, hewa kidogo inatoka kabla ya kubanwa, na kiki inakuwa laini. Shikeni hilo tu: ikifunga mapema, nzito; ikichelewa, laini.

Mke wa Orrin, Ardis, ndiye aliyekuwa akiagiza vipuri na kusoma karatasi ya kila boksi.

"Orrin, hii inafunga mapema mno kwa pistoni hizo," akamwambia. "Chukua ile nyingine."

"Ile nyingine ni ya vikongwe, mama."

"Basi mwekee stata ya umeme."

Orrin akacheka. Siku zile, jamani, mwanamume wa hapa kuwasha pikipiki kwa kitufe ilikuwa aibu. Wenzake wangemwuliza kama amekuja na mashine ya kufulia. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa wachekaji hao, na leo naona haya kusema.

Orrin akapima mbano wa injini kwa geji. Ikasoma mia mbili na thelathini. Kwa kupiga kwa mguu, hiyo ni hatari. Ardis aliiona namba. Orrin aliiona namba. Akaifuta geji grisi, akairudisha kwenye droo.

Jumamosi asubuhi, mwezi wa Juni, Verlyn akapanda, akapiga kiki. Injini ikairudisha kiki juu kwa nguvu zake zote. Mfupa wa chini ya goti ukavunjika sehemu mbili, ukatoboa ngozi. Kidonda kikaoza. Ilipofika Septemba, madaktari wakaukata mguu wa kulia, chini ya goti.

Orrin alikwenda hospitali mara moja tu. Verlyn amenisimulia mwenyewe.

"Alisimama mlangoni, kofia mkononi," anasema Verlyn. "Nikamngoja aseme. Unajua alisema nini? 'Ile kamshafti nitaibadilisha.' Nikamwambia atoke."

Akatoka. Ikapita miaka thelathini na mitatu. Nyumba zao zimeachana maili nne. Walikutana kanisani, walikutana misibani, wakatikisiana vichwa basi. Miaka thelathini na mitatu, wasikilizaji.

Na Orrin alifanya nini miaka yote hiyo? Ile pikipiki hakuiuza. Kila majira ya baridi, theluji ikishafunga barabara, aliifungua injini ile ile na kujaribu kamshafti nyingine. Hii imelainika, lakini injini imekufa nguvu. Ile ina nguvu, lakini kiki bado inauma. Alitafuta moja tu: ile ambayo mtu mwenye mguu wa bandia angeweza kuipiga bila kuogopa.

Siku moja Ardis alimpelekea mkate wa mchana. Akamkuta amejifunga ubao kwenye mguu wa kulia, kuanzia gotini mpaka kwenye unyayo, anapiga kiki.

"Nikamwuliza, wewe umepatwa na nini?" anasema Ardis. "Akasema, 'Kifundo cha mguu wa Verlyn hakikunjiki, mama. Lazima nijue yeye atahisi nini.' Nikamwambia, basi nenda kamwulize, yuko hapo tu. Akainama, akaendelea kukaza kamba."

Nikisikia hivyo moyo wangu unaniuma, na hasira inanipanda pia. Mtu huyu aliwachagulia kamshafti wazee wenye magoti mabovu wa kaunti tatu. "Utapoteza nguvu kidogo," aliwaambia, "lakini utabaki na mguu." Kwa wageni alikuwa na maneno.

Machi mwaka huu, akaipata. Geji ilisoma mia na hamsini na tano. Akajifunga ubao, akapiga kiki moja, injini ikawaka. Ardis akamwambia, "Sasa mpigie simu." Akasema, "Kesho." Kesho ikawa wiki, wiki ikawa miezi. Jumanne moyo ukasimama, akiwa mezani, anakula chakula cha mchana.

Tulimzika Ijumaa. Baada ya kahawa na mikate ya nyama kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, Ardis alimchukua Verlyn mpaka gereji. Akamweleza yote, mpaka habari ya ubao. Verlyn akaizunguka ile pikipiki. Akaweka mguu wake wa bandia juu ya kiki, akakanyaga. Ikawaka mara moja. Akaisikiliza kidogo, kisha akaizima.

"Huipandi?" Ardis akamwuliza.

"Shemeji," akasema, "mimi sikutaka pikipiki. Nilitaka aje aseme ni kosa lake. Ningemsamehe siku ile ile."

Kisha akakaa chini, kwenye sakafu ya gereji, akalia mpaka Ardis akamletea maji.

Ardis, pole sana. Verlyn, pole sana, ndugu yangu. Ukoo wote wa Tveit, tuko pamoja nanyi.

Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu uliyemkosea, usimtengenezee kitu. Usimpelekee zawadi. Nenda ukamwambie kwa mdomo wako kwamba ni wewe uliyekosea. Kipindi hiki bado kina dakika kadhaa, lakini zima redio uende sasa hivi. Mimi sitaona vibaya.